Skidi stia au loda dogo kwa yadi ya tofali? Nataka kusikia waliotumia kabla sijalipa

Mama_Yadi (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Nina yadi ya tofali na pevingi Kibaha. Mpaka leo kazi yote ni ya koleo na toroli: tipa likimwaga mchanga, vijana wanajaza toroli, wanasukuma mpaka kwenye mikisa, na mteja akija na Canter wanampangia tofali mkono kwa mkono. Oda zikiwa ndogo hakuna shida. Zikija za shule au za mkandarasi, mikisa inazunguka tupu ikisubiri mchanga huku mafuta yanaungua. Nimeamua kuingia kwenye mashine. Bajeti yangu ni milioni 60 mpaka mashine isimame yadini. Zaidi ya hapo ni mkopo, na mkopo sitaki.

Nimeoneshwa mbili. Moja ni skidi stia (kile kimashine kifupi chenye baketi mbele na mikono ubavuni) iliyotumika, imetoka Ulaya, injini kilowati 50, karatasi inasema inabeba kilo 800. Muuzaji ananiambia inageukia hapo hapo iliposimama, inapenya popote, na huko mbele naweza kuifunga nyundo ya kuvunjia zege au keekee ya kuchimbia mashimo nikaikodisha mjini. Nyingine ni loda dogo la Kichina, jipya, lile linalokunja kiuno katikati. Baketi yake ni mita za ujazo 0.6 na tangazo linasema "tani 1.5".

Yadi yangu ni udongo mwekundu ulioshindiliwa. Sehemu ya kuanikia tofali nimetandika pevingi. Geti lina mita nne. Kutoka lundo la mchanga mpaka mikisa ni kama mita 40, na stoo ya saruji iko upande wa pili. Mzee wa nyumbani anapigia debe skidi kwa sababu ya hiyo hela ya kukodisha. Mimi roho inavutwa na loda ila siwezi kueleza kwa nini, na kwenye milioni 60 "roho inavutwa" si hoja.

Nawasilisha.

Tandiboi_Mstaafu

Chukua beko dada. JCB yenye mkono wa nyuma, inachimba, inapakia, inavuta. Mjadala umekwisha.

Mama_Yadi

Mkuu, beko nzima ya milioni 60 naipata wapi? Halafu mimi sichimbi. Nachota na kubeba tu.

Fundi_Hosi

Dada, hilo neno "nachota na kubeba tu" umelisema kwa kupita lakini ndilo jibu lako. Ngoja nieleze, maana nimezifungua zote mbili na najua kila moja inaumwa wapi.

Tuanze na namba, hapo ndipo watu wanapopigwa. Skidi ikiandikwa kilo 800, maana yake inapinduka kwa kilo 1,600 halafu wakachukua nusu. Ndiyo kanuni ya skidi za matairi. Zile za minyororo wanachukua asilimia 35. Loda linalokunja kiuno nalo ni nusu, lakini nusu ya mzigo wa kupindulia likiwa limekunja mpaka mwisho, si likiwa limenyooka. Likiwa limenyooka, injini iko nyuma kabisa inavuta mzigo usiinamishe mbele. Likikunja, injini inahamia pembeni na nguvu ya kuzuia inapungua. Kwa hiyo loda moja lina namba mbili, na tangazo siku zote linachagua kubwa. Hiyo "tani 1.5" muulize muuzaji: ni mzigo wa kupindulia au wa kufanyia kazi? Umenyooka au umekunja? Akikujibu "dada hili ni la tani moja na nusu kabisa", ujue hajui anachouza.

Sasa weka mchanga wako. Mchanga mbichi una kama kilo 1,900 kwa mita ya ujazo, mkavu kama 1,600. Baketi ya skidi ya 0.45 ikijaa mchanga mbichi ni kilo 855. Tayari umepita 800 kabla hujaondoka kwenye lundo. Itanyanyua, hapana sikatai, lakini kila ukifunga breki mkia unanyanyuka na opereta anaanza kuchota nusu. Loda la 0.6 likijaa ni kilo 1,140.

Tofali ndiyo mbaya zaidi. La inchi 6 lisilo na tundu, sentimita 45 kwa 22.5 kwa 15, lina kama kilo 30. Paleti ya tofali 40 ni kilo 1,200 bila kuhesabu mbao za paleti. Skidi ya 800 hapo haipo. Na ukifunga uma (zile chuma mbili za kubebea paleti) badala ya baketi, mzigo unakaa mbele zaidi, uwezo unashuka tena. Kwenye maloda ya Ulaya utaona wameandika uwezo wa uma kwa namba mbili, asilimia 80 ya mzigo wa kupindulia kwa sakafu ngumu iliyo sawa na asilimia 60 kwa ardhi ya mashimo. Yadi ya udongo mwekundu isome kwenye 60.

Halafu matairi. Skidi haina tairi linalokata kona. Mawili ya kushoto yamefungwa pamoja kwa cheni, mawili ya kulia hivyo hivyo, na ikitaka kugeuka upande mmoja unakwenda mbele na mwingine unasimama au unarudi nyuma. Matairi yanaburuzwa kwa kila kona. Huo ndio uzuri wake, inageuka ndani ya urefu wake yenyewe, na ndiyo gharama yake. Juu ya zege inakula mpira. Juu ya udongo inachimba mashimo ya duara pale pale inapogeukia, na kwako itageukia sehemu mbili tu siku nzima: kwenye lundo na kwenye mikisa. Masika moja tu, hapo patakuwa bwawa. Juu ya pevingi zako sitaki hata kuwaza, itazing'oa kwenye kona na kumega kingo za zinazobaki.

Mita 40 kwenda, mita 40 kurudi, na baketi imejaa: hiyo ni kazi ya loda. Skidi ni fupi, inaruka ruka, mchanga unamwagika njiani, na mwendo wake wa kawaida ni kama kilomita 12 kwa saa.

Mama_Yadi

Fundi ubarikiwe. Swali: urefu wa kumwagia. Wateja wangu wengi ni Canter, ila za pevingi zinakuja Fuso, na mchanga mara nyingine nauza kwa tipa.

Fundi_Hosi

Usisome urefu wa pini ya baketi, soma urefu wa mdomo wa baketi ikiwa imeinamishwa kumwaga. Skidi ya kati pini inafika karibu mita 3, mdomo unabaki kama mita 2.3. Maloda madogo mengi nayo yako hapo hapo, mita 2.3 hadi 2.5, baadhi ya ya Kichina yanapita. Canter zote mbili zinapakia. Fuso, pima ubao wa pembeni kwa futi kabla ya kuamini mtu. Tipa la tairi kumi lililoongezewa ubao, zote zitakuaibisha isipokuwa utengeneze kilima cha kupandia.

Na skidi ziko za namna mbili. Kuna ambazo mikono inapanda kwa kuzunguka kama upinde, hizo zinafika mbali zikiwa katikati, nzuri kwa kuchimba na kusawazisha. Kuna ambazo mkono unapanda wima, mzigo unabaki karibu na mashine ukifika juu, hizo ndizo za kupakia magari. Muulize muuzaji yake ni ipi.

Opereta_Muscat

Salaam alaykum wote. Mimi ni mtu wa Tanga ila niko Muscat, skidi ndiyo inayonilisha. Fundi kasema kweli lakini kaionea kidogo.

Huku nikianza asubuhi na brashi ya kufagia lami, mchana naweza kuwa na baketi nasawazisha kifusi ndani ya nyumba ambayo kuta zimeshasimama, jioni uma nabeba vigae. Kubadilisha kifaa cha mbele ni dakika mbili kama pini za kushikia zimepakwa grisi na hazijapinda. Loda dogo nalo linabadilisha, lakini skidi imetengenezwa ili iwe hivyo: ina mafuta ya ziada ya haidroli mbele, lita 60 mpaka 90 kwa dakika kwa zile za kawaida, unaendesha nyundo, keekee, brashi, msumeno wa mfereji. Mahali ambapo kazi inabadilika kila saa na nafasi ni finyu, hakuna mashine inayoifikia.

Ila kuna mambo muuzaji hatakwambia. Kwanza macho. Ukikaa ndani, mikono iko kushoto na kulia kwako, nyuma kuna injini. Mtu akisimama pembeni ya tairi la nyuma humwoni. Yadi yenye vijana wanaopita na toroli, weka sheria mapema. Pili, unaingilia mbele, unakanyaga baketi. JCB wana yenye mkono mmoja na mlango wa pembeni, lakini nyingi utakazokutana nazo ni za kuingilia mbele. Ndiyo maana watu wanafia hapo: opereta anashuka huku mikono iko juu, anagusa lever kwa goti, mikono inashuka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ilitoa tahadhari maalumu mwaka 1998 kwa sababu ya vifo vya namna hii, watu kubanwa kati ya mikono na fremu.

Ndiyo sababu ina swichi chini ya kiti na chuma cha kushusha mapajani. Ukinyanyuka, haidroli inakufa. Sasa ukikagua hiyo ya Ulaya, inua mto wa kiti uangalie waya. Ukikuta kipande cha waya kimeunganisha nyaya mbili za swichi na kuzungushiwa selotepu nyeusi, kuna fundi aliizima ili mashine isisumbue. Usiikubali hivyo hivyo, irudishwe ilivyokuwa kabla hujalipa.

Kwenye mteremko: upande mzito uangalie juu. Baketi imejaa, panda uso mbele. Baketi tupu, mzito ni injini, panda kinyumenyume. Opereta wa loda akiruka kwenye skidi bila kufundishwa hili hulijua siku anapolala chali.

Joto nalo. Hapa Juni mpaka Agosti kazi za juani zinasimama kisheria saa 6:30 mchana hadi 9:30 alasiri, na hata hivyo mafuta ya haidroli yanachemka kama radieta ya mafuta imejaa vumbi. Kibaha si Muscat, lakini vumbi la saruji linaganda vibaya kuliko mchanga. Pulizia upepo kila siku, mashine yoyote utakayochukua.

MfugajiNakuru

Habari kutoka Kenya. Sisi tuko na zote mbili shambani, ng'ombe wa maziwa na kuku wa mayai, kwa hivyo naweza kusema pande zote.

Skidi inaingia kwenye banda la kuku, inazunguka nguzo, inatoka na mbolea. Mashine hii kusema ukweli ilizaliwa bandani. Mwaka 1957 kule Minnesota, mfugaji wa bata mzinga alikuwa na banda la ghorofa lenye nguzo nyingi, trekta haiwezi kuingia. Ndugu wawili mafundi, Cyril na Louis Keller, wakamuundia kimashine cha magurudumu matatu. Kampuni ya Melroe ya North Dakota ikachukua haki mwaka uliofuata, 1960 wakaiwekea magurudumu manne, na 1962 jina Bobcat likaingia. Hadi leo watu wengi huku wanaita kila skidi Bobcat hata kama imeandikwa jina lingine ubavuni.

Lakini mbolea ya kuku ni nyepesi, mita ya ujazo ya ile kavu haifiki hata nusu ya uzito wa mchanga. Silaji (majani ya kulishia yaliyovundikwa) ikianza, skidi tunaiegesha. Shimo la silaji liko mbali na vihori, ni kubeba mwendo mrefu siku yote, na hapo loda linafanya kazi bila kelele. Opereta wetu mwenyewe akipewa chaguo anakimbilia loda. Anaketi juu, anaona baketi, anashuka kwa mlango kama binadamu, mgongo hauumi jioni.

Mama, kwa mchanga na tofali mimi ningekuwa na loda bila kufikiri mara mbili.

Mtoto_wa_Pangani

Niko Uholanzi, nafanya kazi kwenye shamba la ng'ombe. Huku skidi zipo lakini mashamba mengi utakuta loda dogo linalokunja kiuno: Giant wa hapa hapa, Schäffer na Weidemann za Ujerumani, Avant ya Finland. Marekani ndiko skidi ilikotawala. Kuna pia Kramer, hawakunji kiuno, fremu ni moja na magurudumu yote manne yanakata kona, kwa hiyo ukigeuka uwezo wa kubeba haushuki. Bei yake isahau lakini.

Nilichotaka kusema ni hiki. Mama_Yadi, hiyo skidi ni ya mwaka gani? Injini za Ulaya za kuanzia 2019, za kilowati 19 kwenda juu, nyingi zina kichujio cha masizi kwenye ekzosi. Zimetengenezwa kwa dizeli ya huku yenye salfa isiyozidi sehemu 10 kwa milioni. Kiwango cha Afrika Mashariki kilichoanza 2015 kiliruhusu hadi 50. Kichujio kikiziba, kompyuta inaipunguzia injini nguvu na unabaki na mashine inayotembea tu, haichoti. Kuna watu wanakikata na kubadilisha programu, sitaki kuingia huko. Tafuta ya zamani zaidi au uulize wazi kama kichujio kipo.

Mama_Yadi

Ni ya 2020. Nimempigia, akasema "hiyo haina shida kabisa mama". Hakusema kichujio kipo wala hakipo.

Mtoto_wa_Pangani

Basi kipo.

Kigogo_wa_Saiti

Mnaisema skidi vibaya kwa sababu mleta uzi anatengeneza tofali. Hela ya kukodisha ni ya kweli. Mjini nyumba za zamani zinavunjwa, viwanja vidogo, ekskaveta haiingii. Skidi na nyundo unapata kazi. Mzee wa nyumbani ana akili ya biashara, msikilizeni.

Fundi_Hosi

Kigogo, sijasema hakuna hela. Nasema hela hiyo ina mwenyewe, na si mtu ambaye mikisa yake inasubiri mchanga. Siku skidi iko Sinza inavunja zege, Kibaha watu wamerudi kwenye koleo. Lazima uwe na gari la kuibeba, mashine ya tani tatu haipandi kila Canter. Uwe na nyundo, ambayo yenyewe ni ghali na inatikisa pini na bushi za mikono mpaka zinalegea. Opereta wa nyundo asiyejua ataitumia kama nondo ya kukwanyulia, na fremu itapasuka kwenye kona za kushikia. Nimechomelea hizo kona nyingi.

Tena mafuta. Injini ya kilowati 50 ikikamuliwa mpaka mwisho hula kama gramu 230 za dizeli kwa kila kilowati kwa saa. Ni kilo 11.5, kama lita 13.7 kila saa. Kazi ya yadi haikamui hivyo, piga nusu, lita 7. Lakini nyundo na keekee zinakamua. Ukiweka bei ya kukodisha kwa kutazama lita za yadini, utalia.

Kigogo_wa_Saiti

Hapo kwenye pini sibishi.

Fundi_Hosi

Sasa kwa usawa nilikosoe loda la Kichina pia, maana mtu akisoma juu atadhani nimelipwa.

Mengi yanatoka Shandong, mji wa Laizhou na majirani zake, na kwa ndani yanafanana kuliko rangi zinavyosema. Injini utakuta Yunnei au Xinchai, familia ya 490 na 498, hizo hizo zinazotumika kwenye foklifti, kwa hiyo spea zake si za kuagiza mbali. Gia ni ya kawaida yenye torki konveta, fundi wa gereji anaielewa. Skidi ni pampu mbili na mota za haidroli zinazotaka mafuta safi kama ya hospitali. Pampu ikila chuma, hesabu sehemu kubwa ya thamani ya mashine.

Ubovu wa loda la Kichina uko pembeni: hosi, sili za silinda, nyaya za umeme zinazosugua kwenye fremu, kiti, na breki ambazo lazima uzijaribu ukiwa na mzigo. Uchomeleaji kagua mmoja mmoja, hasa mahali mikono inaposhikwa na pale kiunoni. Kiuno ndicho moyo wake. Kuna pini mbili, ya juu na ya chini, zinazoshika mbele na nyuma, na zikikosa grisi zinatafuna tundu lake. Tundu likishakuwa yai, loda linatembea kama mlevi na hakuna kukaza.

Na kiuno kinaua. Mtu asisimame kati ya tairi la mbele na la nyuma injini ikiwaka, hata akiwa anaongea na opereta. Kuna chuma cha kufunga kiuno wakati wa matengenezo, kitumike. Ukinyanyua mzigo juu halafu ukakunja kwenye mteremko linalala ubavu. Mzigo unatembea chini, sentimita 30 kutoka ardhini, unapanda ukishafika kwenye gari.

Binti_Hesabu

Naongezea kitu kidogo cha karatasi. Bei mliyopewa ni kabla au baada ya VAT? Asilimia 18 ya milioni 50 ni milioni 9, na wauzaji wa mashine wanapenda kuisahau mpaka siku ya ankara. Kama umesajiliwa VAT unaweza kuidai, kama hujasajiliwa imeondoka.

Mama_Yadi

Loda ni pamoja na VAT, nina ankara ya awali mkononi. Skidi ni "tutaelewana". Asante Binti.

Naona upepo umeelekea kwenye loda. Mzee nimemsomea uzi wote jana usiku, nilipofika kwenye Kibaha kurudi kwenye koleo akanyamaza. Leo asubuhi ameuliza kama loda linaweza kufungwa uma. Nimechukulia kwamba amekubali.

Sasa nielekezeni, nikienda kuliangalia nakagua nini? Na kama kuna mtu anakuja kusoma uzi huu akiwa na skidi kichwani, mwambieni naye.

Opereta_Muscat

Ya skidi nitasema mimi. Ipigwe jeki matairi yote yaelee, injini imezimwa, shika tairi moja uzungushe mbele na nyuma kwa mkono. Cheni ikiwa na ulegevu mkubwa utaisikia ikigonga ndani. Fungua kizibo cha boksi la cheni uchovye kidole: mafuta meupe ni maji, yanayometameta ni chuma. Halafu iendeshe kwenye sehemu iliyonyooka bila kusahihisha lever. Ikivuta upande mmoja ikiwa baridi, sawa, labda ni marekebisho. Ikivuta zaidi ikishapata moto, pampu au mota ya upande huo imechoka. Usiamini mita ya saa, tazama pedali na ngazi ya kukanyagia. Mita ikisema saa 900 na chuma cha pedali kimeng'aa mpaka kimeliwa, mtu kabadilisha mita.

Fundi_Hosi

La loda: bonyeza baketi chini mpaka magurudumu ya mbele yanyanyuke kidogo, halafu achia, halafu rudia, huku mwenzio amechuchumaa mbali kidogo akiangalia kiuno. Bamba za juu na chini hazitakiwi kucheza hata kidogo kwenye mashine mpya. Kisha kazi nusu saa bila kupumzika mpaka gia ipate moto, ndipo uweke namba mbili na kusukuma lundo. Gia mbovu inajificha ikiwa baridi. Zima injini mikono ikiwa juu kiasi cha kiuno cha mtu, hakuna anayesogea karibu, angalia kama inashuka yenyewe. Kushuka kidogo sana ni kawaida, kushuka unaona kwa macho ni sili.

Ukilipa, weka kwenye ankara hiyo hiyo spea: filta zote, sili za silinda za mikono, za baketi na za kukatia kona, na tairi moja la akiba na ringi yake. Saizi za maloda haya, 16/70-20 na 20.5/70-16, zipo mjini lakini si kila duka, na siku tairi inapasuka huwa ni siku ya oda kubwa.

Mama_Yadi

Na hiyo habari ya tani 1.5, nitajuaje bila kumwamini muuzaji wala karatasi?

Fundi_Hosi

Mifuko 24 ya saruji ni kilo 1,200. Ipange kwenye paleti, uifunge kwa mkanda. Opereta afunge mkanda wake, uma uingie mpaka mwisho, anyanyue sentimita 20 tu kutoka ardhini, uwanja uwe sawa na watu wasimame mbali. Akunje kiuno kushoto taratibu mpaka mwisho, arudi, akunje kulia. Wewe tazama tairi la nyuma la upande wa nje. Likibaki limebonyea ardhini, ujue mzigo wa kupindulia unazidi kilo 1,200, na kwa ile asilimia 60 paleti zako ziwe za tofali 24; za 40 zinataka mzigo wa kupindulia wa kilo 2,000. Likianza kuwa jepesi, ashushe mzigo, na hapo ama upunguze paleti zaidi na udai bei ishuke, ama utafute loda la saizi ya juu.

Muuzaji akikataa jaribio, usibishane naye. Ondoka.

Mama_Yadi

Saruji ninayo, Canter ninayo. Jumamosi asubuhi naenda nayo huko huko kwake. Mzee anakuja pia, kasema yeye ndiye atakayetazama tairi.